Mashine ya Kuvumilia Kitambaa

Niseme mapema kwamba mimi siyo mtu wa huku. Kwetu ni Muleba. Nililetwa Maretadu na serikali kutibu watu katika zahanati, na nimekaa vya kutosha kujua mambo mawili: kwamba baridi ya Juni ya hapa inaingia mpaka kwenye mifupa, na kwamba mwenye nyumba wangu hakubali kushindwa na kitu chochote. Anaitwa Judica Akonaay, au Mama Modest. Ana shamba la mahindi na maharage, ana ng'ombe, ana mtoto mmoja aliyepata kazi Arusha, na ana chumba ambacho marehemu mumewe alikijenga kiwe stoo ya mazao. Humo ndani hakuna hata gunia moja. Kuna spika zilizopasuka, transfoma zilizochunwa, mabamba ya alumini, waya za kila rangi, na harufu ya lehemu ambayo imeshahamia hadi kwenye mashuka yangu.

Judica anaunda amplifaya. Sisemi anarekebisha zilizoharibika. Anaanza na boksi tupu la bati, na mwisho wake unasikia kwaya ng'ambo ya bonde.

Kazi hii aliipata kwa ubishi. Redio yake iliharibika, akaipeleka Katesh kwa fundi mmoja anayeitwa Gidamis. Ikapona, ikaharibika tena, akairudisha, na safari iliyofuata akavuta kigoda akakaa mbele ya meza ya fundi, akasema haondoki mpaka aone kinachofanyika humo ndani. Gidamis akaona kumfundisha ni rahisi kuliko kumfukuza. Baadaye zikaja simu za kuonyesha video, na sasa anatazama mafundi wa Kihindi wanaoeleza kwa lugha asiyoijua neno hata moja. Nilimuuliza anaelewaje. "Nesi, mimi siwasikilizi," akaniambia. "Mimi natazama mikono."

Kigango chetu, yaani kanisa letu dogo chini ya parokia, kilikuwa na spika mbili kubwa za msaada na hakikuwa na mashine ya kuziendesha. Judica akaiunda. Mimi naimba sauti ya pili na ndimi katibu wa kwaya, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, kwa hiyo nilikuwepo siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza. Watu walicheka kwa furaha. Mzee Theodory, mwenyekiti wa halmashauri ya kigango, ambaye ni kaka mkubwa wa marehemu mume wa Judica, alisema "moja, mbili, moja, mbili" mpaka ikabidi anyang'anywe maiki.

Sasa sikiliza lililotokea. Nchi hii redio haikai uchi. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata jagi la maji lina kitambaa chake chenye shanga pembeni. Natalia, soprano wetu, mama mwenye mikono ya dhahabu, aliiona mashine mpya ya kanisa imekaa juu ya meza na bamba lake la alumini likiwa nje nje, akaona aibu kwa niaba yake. Akafuma kitambaa cheupe kwa uzi mnene, chenye pindo la maua, na chini yake akaweka kingine ili cha juu kisiteleze. Sikukuu ya mavuno ilipofika, mashine ilipendeza kuliko altare. Tulipoanza wimbo wa matoleo, spika zikatoa mngurumo mzito, zikanyamaza, na moshi ukapanda taratibu kupitia katikati ya maua ya Natalia.

Spika zote mbili zikaungua. Tukamaliza misa kwa makoo yetu.

Halmashauri ilikaa Jumapili iliyofuata. Walianza kwa Kiiraqw, lugha ya huku, halafu wakaniona mimi wakahamia Kiswahili. Mzee Theodory ni mtu mpole, analima vitunguu swaumu, hajawahi kumpigia mtu kelele. Anapenda amani kuliko ukweli, na watu wa namna hiyo ni wagumu sana kupigana nao.

"Shemeji," akaanza, "hatujakuita kukulaumu. Siku ile umeme ulikuwa unarukaruka. Ni umeme uliounguza. Tutachanga, tutafute vyombo vya dukani. Na wewe upumzike na mambo haya ya nyaya, urudi kwenye uimbaji ambako tunakuhitaji."

"Umeme haukuruka," Judica akasema. "Taa ziliwaka vizuri tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Ziliruka kidogo," akasema Baltazar, kijana wetu wa kinanda, akitaka kumwokoa.

"Baltazar, usinisaidie."

Hapo nyuma mtu akanong'ona neno kitambaa. Natalia akainamisha kichwa, machozi yakaanza. Ningekuwa mimi ndiye Judica, ningelidaka neno lile kwa mikono miwili. Ni kweli kitambaa kilikuwepo, kila mtu alikiona, na moshi ulipita humo humo. Judica akasimama.

"Natalia, futa machozi. Kitambaa kilizuia joto kutoka, hilo ni kweli. Lakini huku kwetu hata jagi linavaa. Mashine inayokufa kwa sababu ya kitambaa, katika nchi ya vitambaa, imeundwa vibaya. Na aliyeiunda ni mimi."

Mzee Theodory akavua kofia yake, akaivaa tena. "Shemeji, nielewe. Ukisema ni umeme, yameisha leo. Ukisema ni kosa lako, halmashauri itabidi ikuzuie usiguse tena vyombo vya kanisa. Kwa nini ujiumize?"

"Basi nizuieni. Umeme ukiwa ndio ulioharibu, mimi sina cha kutengeneza, nabaki kuomba Mungu usirudie. Kosa likiwa langu, najua lilipo na najua pa kuanzia. Mkininyang'anya kosa langu, mmeninyang'anya na kazi yangu."

Wakamzuia. Kwa upole, kwa sala ya kufungia, lakini wakamzuia. Asiguse mashine, asiguse spika, asiguse hata waya wa maiki.

Nilikasirika, na niliyemkasirikia ni yeye. Njiani nilimwambia wazi: mama, umepewa mlango wa kutokea, ukaufunga mwenyewe kwa ndani. Alikuwa anatembea mbele yangu kwa mwendo wake ule wa kupanda kilima bila kuhema. "Mlango wa kutokea naujua," akasema bila kugeuka. "Unatokea jikoni."

Ile mashine iliyoungua alikuwa ameibeba nyumbani siku ile ile ya moshi; aliifungua juu ya meza na kunionyesha. Ndani kuna transista kubwa nne, zimekazwa kwenye bamba la alumini linalozipoza. Hizo ndizo zinazosukuma sauti. Hata kama hakuna anayeimba, lazima zinywe umeme kidogo, maana ukizinyima kabisa, sauti ndogo zinatoka na mikwaruzo. Kiasi cha kunywa kinapangwa na transista moja ndogo. Tatizo ni tabia ya zile kubwa: zikipata joto zinakunywa zaidi, na zikinywa zaidi zinazidi kupata joto, na mambo yanaendelea hivyo hivyo mpaka ziungue. Anayetakiwa kuziambia "basi, inatosha" ni ile ndogo, kwa sababu nayo ikipata joto inashusha kiasi. Lakini haiwezi kushusha bila kulisikia joto lenyewe. Na Judica alikuwa ameisimamisha mbali, upande wa pili wa boksi, kwenye hewa. Tena kiasi alikipanga alfajiri ya Juni, amejitanda blanketi, vidole vimekufa ganzi, akazungusha mpaka mikwaruzo ikaisha. Kilichokuwa kidogo alfajiri ile kilikuwa kingi mno mchana, chini ya vitambaa viwili.

"Ile ndogo haikujua kama wenzake wanaungua," akasema, akiigusa kwa ncha ya kalamu. "Yenyewe ilikuwa inasikia baridi tu."

"Mama Modest, hata mimi sipimi homa kwa kutundika kipimajoto ukutani," nikasema. "Naweka kwapani."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu sikukuu akacheka. "Ehe. Kwapani. Hapo hapo."

Basi akaanza upya. Kuipeleka ile ndogo kwapani ni rahisi kusema. Kwanza aliibana kwenye bamba kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu huku mpira wa tyubu unafunga kila kitu, kuanzia mizigo mpaka mabomba. Ikafanya kazi vizuri mpaka mpira ulipopata moto ukalegea, na transista ikaachana na bamba kimya kimya. Aligundua kabla haijaleta hasara, akatukana kwa Kiiraqw, na sikuomba tafsiri. Halafu akatoboa bamba katikati kabisa ya zile nne, akapaka krimu nyeupe ya kupitisha joto, akaweka kikaratasi chembamba cha kuzuia umeme, akaikaza kwa skrubu. Nyaya zake alizisokota pamoja ili zisilete kelele. Kiasi cha kunywa safari hii hakukipanga alfajiri. Aliiwasha mashine, akaiacha ipige redio mpaka bamba lipate joto la kazi, ndipo akachukua bisibisi. Zile spika za kanisa Baltazar alizileta kwa toroli bila kumwambia mtu, naye Judica akazipeleka Katesh kwa Gidamis zikasukwa koili upya. Aliyezuiwa kugusa vyombo ameshavigusa, nikawa nawaza, na katibu wa kwaya anajua na amenyamaza. Sikujuta hata kidogo.

Jumamosi moja ya mazoezi, Judica akaibeba mashine kichwani hadi kanisani, akaiweka nje kwenye meza, kando ya spika ambazo Baltazar alikuwa amezirudisha kwa toroli, akachomeka nyaya. Mzee Theodory akatoka ndani haraka.

"Nani amekuruhusu?"

"Hakuna aliyeniruhusu. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Ikabidi aitikie, na baada ya kuitikia, ukali wote ulikuwa umemwishia. Judica hakumpa nafasi ya kuutafuta tena. Akageukia akina mama wa kwaya.

"Leteni vitambaa."

Wakadhani anawakejeli. Natalia akarudi nyuma hatua moja, uso umembadilika.

"Sikutanii, mama," Judica akamwambia kwa sauti ya chini. "Kile kitambaa chako ni kizuri, na mashine hii itakaa miaka mingi kanisani. Siku mimi sipo, mtu ataifunika. Nataka nijue leo kama itavumilia. Kilete na kile cha chini."

Natalia akavileta. Vilikuwa vimefuliwa na kupigwa pasi, lakini alama ya kahawia ya moshi haikutoka. Akavitandika mwenyewe, akanyoosha pindo, maana hata kwenye vita mtu hapangi maua upande. Halafu Judica akavua mgolole wake mwenyewe mabegani, akaukunja, akauweka juu yake. Mimi nikapewa mita ya kupimia umeme, ambayo nyaya zake zilitokea chini ya vitambaa, nikaambiwa nisome namba kwa sauti kila nikiulizwa.

"Imbeni," akasema. "Zile za nguvu."

Tukaimba zile za nguvu. Baltazar akapiga kinanda kama anayedaiwa roho yake. Namba kwenye mita zikaanza kupanda. Judica akauliza, nikasoma. Zikapanda tena, nikasoma, na nikaona mama mmoja anavuta watoto wake mbali na meza. Judica alikuwa amekunja mikono. Akauliza tena. Nikatazama, nikafuta kioo cha mita kwa kidole, nikatazama tena.

"Zimesimama."

"Endeleeni kuimba."

"Zinashuka," nikasema. "Mama Modest, zinashuka!"

Chini ya ule mgolole zile transista kubwa zilikuwa zimepata moto, na ile ndogo katikati yao ilikuwa imeusikia moto huo, ikaanza kubana. Tuliimba mpaka tukachoka sisi. Judica akafunua, akaweka kiganja kwenye bamba, akakitoa haraka. "Ni ya moto," akasema, hakuficha. "Chini ya blanketi kutwa nzima haiwezi. Lakini misa itaisha, na sherehe itaisha." Natalia alikuwa amesimama pembeni, analia tena, safari hii akiwa ameinua kichwa.

Watu wakamgeukia Mzee Theodory. Naye, kwa upole wake ule ule, akasema mashine ni nzuri na halmashauri inaweza kumfungulia shemeji yake. Mwezi uliofuata tulikuwa tumealikwa Basotu kwenye sherehe ya kwaya za vigango, basi aende nayo. Nikataka kupiga vigelegele. Kumbe alikuwa hajamaliza.

"Namshukuru Mungu," akasema, "leo umeme umetulia."

Nilimwona Judica akifungua mdomo. Halafu akaufunga, akaanza kukunja nyaya, nami nikadhani amechoka, au amekubali. Nilikosea.

Basotu kuna ziwa, na kuna jua. Mtu anayetoka kwenye baridi ya Maretadu anafika pale ziwani akiwa amevaa masweta mawili na anaanza kuyavua akiwa bado kwenye gari. Wenyeji walituandalia samaki na kivuli, lakini meza ya vyombo iliwekwa juani, karibu na jukwaa, na Judica akakaa nyuma ya mashine yake akiwa na sare ya kwaya. Kwaya zikaimba moja baada ya nyingine, nyingine kutoka Nangwa, nyingine za pale pale, zote kupitia mashine yake, na bamba lile likawa la moto kiasi kwamba hukuweza kuliegemea. Mashine haikunguruma wala haikukwaruza. Mimi nilikuwa nakwenda kuchungulia mita kila baada ya nyimbo chache mpaka Judica akanifukuza. "Nesi, mgonjwa hajakuita."

Mwishoni wageni walipewa nafasi ya kushukuru. Mzee Theodory akapanda jukwaani, akashika maiki kama anavyopenda kuishika, akashukuru wenyeji, akashukuru samaki, akashukuru barabara. Halafu akasema, "Na tunashukuru kwa vyombo hivi mnavyovisikia. Sisi mwaka huu tulipata mtihani. Umeme uliruka siku ya mavuno, ukatuunguzia mashine yetu na—"

Sauti ikakatika.

Midomo ya mzee iliendelea kwenda kwa muda kabla hajatambua. Akaigonga maiki kwa kidole. Akaipuliza. Watu wote wa pale uwanjani wakageuka kutazama meza ya vyombo, wakitegemea moshi. Moshi haukuwepo. Kulikuwa na Judica, amekaa wima, mkono wake uko kwenye kitufe cha sauti, ameuzungusha mpaka mwisho wa kushoto.

Yule ni mkubwa wake. Ni kaka wa mumewe, ni mwenyekiti, yuko mbele ya wageni, na huku mtu hamkatishi mkubwa hata akiwa anakosea njia ya kwenda kwake. Judica alilijua hilo kuliko mimi niliyetoka Muleba. Akasimama, akaongea kwa koo lake tu, lile la kuita ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde.

"Maiki ni nzima, shemeji. Naomba urudie pale penye umeme."

Mzee Theodory alimtazama kwa muda mrefu. Nilimwona anatafuta njia ya amani, kama kawaida yake, macho yakienda kwa padre, yakienda kwa wenyeji, yakienda kwa Natalia, ambaye alimtazama moja kwa moja bila kupepesa. Ilikuwepo njia moja tu, nayo ilikuwa imeshikiliwa na mkono wa shemeji yake. Akasogeza maiki mdomoni. Judica akazungusha kitufe kulia.

"Umeme haukuruka," Mzee Theodory akasema, na uwanja mzima ukasikia. "Mashine ile aliiunguza shemeji yangu, Judica Akonaay. Aliiunda vibaya. Alituambia mwenyewe, sisi tukakataa kumsikiliza." Nikadhani ataishia hapo. "Na hii mnayoisikia ameiunda yeye. Ameiunda vizuri."

Judica akakaa. Akaongeza sauti kidogo, ili na wale wa nyuma kabisa wasikie.